Daraja la Wami: urefu ule umetokana na mlima

Msafiri wa Tanga au Arusha akijua kwamba kazi yangu ni uhandisi wa madaraja, hakawii kuniuliza kuhusu Wami. Daraja la zamani lilikuwa na mita 88.75. Hili lililoanza kutumika 2022 lina mita 513.5. Kwani mto umepanuka?

Mto ni ule ule. Kilichobadilika ni pale tulipoamua barabara ivukie.

Daraja la kwanza lilijengwa 1959, la njia moja. Barabara ya Chalinze–Segera ilishuka bondeni kwa mteremko mkali wenye kona, ikavuka karibu na maji, ikaanza kupanda. Simlaumu aliyelisanifu. Ukiteremka hadi karibu na maji daraja linakuwa fupi, nguzo fupi, gharama ndogo, na magari ya wakati ule yalikuwa machache na mepesi.

Leo njia hiyo hubeba malori yenye trela na mabasi usiku na mchana. Chukua lori la tani 50 linaloshuka kimo cha mita 50 bila kuongeza mwendo. Breki na injini zinabeba nguvu ambayo, ikigeuka joto lote, ingechemsha zaidi ya lita 70 za maji ya bomba. Dereva akiweka gia huru ili aokoe mafuta, mzigo wote unaziangukia breki. Zikichemka, zinaacha kushika. Na mbele yake kuna nini? Njia moja, na pengine basi limeshaingia kutokea ng'ambo. Kwa hiyo hata kama daraja lile lingekuwa zima kabisa, bado ningesema liachwe. Kupanua njia pale pale chini kungeondoa foleni tu, mteremko ungebaki.

Dawa ilikuwa kuinua barabara ipite juu. Ukiinua, ukingo wa bonde unaoukuta unakuwa mbali zaidi, na hapo ndipo mita mia nne na ushee zilipotoka. Upana ni mita 11.85, magari yanapishana bila kusubiriana. Lilijengwa kando ya lile la zamani, magari yakaendelea kupita kipindi chote cha ujenzi. Kwa barabara isiyo na mchepuko wa karibu, sioni namna nyingine.

Urefu nao una madai yake. Zege hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na kadiri daraja linavyorefuka ndivyo mwendo huo unavyokua. Ndiyo maana panaachwa maungio, yale yanayogonga tairi unapoingia na kutoka. Mpira wake ukichanika, maji ya mvua hupenya hadi kwenye beringi, yaani vipande vinavyolibeba daraja juu ya nguzo, na vichwa vya nguzo, nondo zikaanza kula kutu mahali ambapo mpita njia haoni. Mimi nikikagua daraja refu naanzia hapo, tena ikiwezekana mvua ikiwa imenyesha, maana maji yanayovuja yanajionyesha yenyewe.