Je, wajua kwa nini filamu ya The Crow imejaa giza na mvua?

Hapa Malindi, filamu za kisasi zikitajwa barazani baada ya Isha, The Crow ya mwaka 1994 haikosi mtetezi, na mimi ni mmoja wao. Lakini wanaoitazama mara ya kwanza huuliza: mbona giza tupu? Au ni nakala mbovu?

Nakala haina kasoro. Eric Draven, mpiga gitaa, anauawa na genge pamoja na mchumba wake Shelly. Mwaka mmoja baadaye kunguru anatua kwenye kaburi lake, naye anafufuka na kuwasaka wauaji mmoja baada ya mwingine. Kisa hiki kilianza kama katuni ya James O'Barr, Mmarekani ambaye mchumba wake aligongwa na dereva mlevi akafa. Aliichora kwa rangi nyeusi na nyeupe, na mwongozaji Alex Proyas akataka picha za filamu zifanane na kurasa zile. Kwa hiyo giza lilikuwemo tangu mwanzo: ni huzuni ya mtu wa kweli.

Kisha ukaja msiba mwingine. Tarehe 31 Machi 1993, huko Wilmington, North Carolina, Brandon Lee, mwigizaji wa Eric na mtoto wa Bruce Lee, alipigwa risasi akiigiza. Alikuwa na miaka 28. Awali bastola ile ilikuwa imetiwa risasi zisizo na baruti, zionekane tu kwenye kamera. Kichwa cha risasi moja kikachomoka na kunasa ndani ya mtutu, na hakuna aliyekagua. Baadaye ikajazwa risasi za mlio, zenye baruti bila kichwa. Ilipofyatuliwa, baruti ikakisukuma kile kilichonasa, kikampata tumboni. Alifariki siku hiyo hiyo. Harusi yake na Eliza Hutton ilikuwa imepangwa mwezi uliofuata, na filamu imetolewa kwa heshima yao wawili.

Zilikuwa zimebaki siku chache tu za kazi. Chad Stahelski, ambaye baadaye aliongoza filamu ya John Wick, akasimama badala ya marehemu, na kompyuta ikabandika uso wa Brandon. Ufundi huo ulikuwa bado mchanga mno. Hapo ndipo mvua, vivuli na ile rangi nyeupe ya usoni vilipofaa sana, maana vilificha maungio.

Na kunguru je? Wetu wa Malindi, mwenye shingo ya kijivu, asili yake ni India. Aliletwa Unguja miaka ya 1890, na leo anadokoa samaki sokoni huku akitupiwa mawe. Kwenye filamu ndiye anayebeba roho za wafu, na akijeruhiwa yeye, Eric naye huishiwa nguvu. Kwa imani yetu wengi huku Pwani, aliyekwenda barzakhi, wanakongoja wafu hadi kiyama, harudi kudai kitu. Hata hivyo, uchungu wa aliyedhulumiwa tunaujua, na Brandon anauigiza kwa macho tu, bila maneno mengi. Ndiyo maana naiweka juu ya filamu nyingi za kisasi zilizokuja baada yake.

Usiitazame kwenye simu mchana wa jua kali. Subiri usiku, zima taa, na Eric anapoingia mlangoni mwa nyumba yao ya zamani, simamisha picha uangalie vizuri: yule ni Brandon aliyerekodiwa akitembea mvuani mahali pengine kabisa.