Hakuna meli iliyotoka Mombasa ikatia nanga Kisumu

Mara ya tatu mwezi huu. Kijana kaketi mbele yangu hapa Kisumu, simu inarekodi: "Babu alipanda meli Mombasa, akashukia hapa bandarini." Kazi yangu ni kukusanya kumbukumbu za familia, na hii nimeisikia mpaka masikio yamechoka.

Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Meli ingepanda kwa ngazi? Watu wa pwani walikuja kwa treni, tangu reli ifike hapa Desemba 1901. Hata meli zenyewe zililetwa vipande vipande. William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafunguliwa, vyuma vyake vingine vikasafiri vichwani mwa wapagazi, ikateremshwa majini mwaka 1900 reli bado haijafika. Miaka 60 baadaye MV Victoria nayo ikaja vipande, safari hii kwa treni.

Kosa lenyewe nalielewa. Kuanzia 1948, Reli na Bandari za Afrika Mashariki lilikuwa shirika moja: treni zake, meli za ziwani zake, na bandari ya Kilindini yake. Mzee akisema "nilikuwa Reli na Bandari" hajakwambia bado alikuwa kwenye maji gani. Basi muulize! Na usianze na jina la meli, majina huchanganyika. Uliza walikunywa nini njiani. Yule kijana nilimwambia ampigie nyanya yake papo hapo. Bibi akacheka: mzee alikuwa akiteremsha ndoo kwa kamba kutoka sitahani, anachota maji ya chai. Chai ya maji ya bahari? Kijana akanyamaza, akazima simu.

Mengine nayapitia haraka. Eti babu alibeba robota la pamba mgongoni: robota lilikuwa la ratili 400, karibu kilo 180. Lilibiringishwa, likafungwa kamba, winchi ikalinyanyua. Mgongoni yalipanda magunia, na hayo yaliwatosha makuli.

Eti kontena ndizo zilizoua bandari yetu. Miaka ya 1960 feri kama MV Uhuru zilishaanza kuvusha mabehewa mazima, reli zimelazwa juu ya sitaha. Mzigo wa namna hiyo hauhitaji bega la mtu. Kisha 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, meli zikagawanywa kati ya nchi. Anzeni kulaumu hapo.

Eti kipande cha babu, kile kitambulisho chake cha zamani, kikipotea basi ushahidi umekwisha. Geuza picha yake, usome kilichoandikwa mgongoni! Nawaambia kila siku, na kila siku wananiletea picha zilizopigwa laminesheni, mgongo umefunikwa kwa karatasi nyeupe. Ya kijana yule ilikuwa hivyo hivyo. Tuliishikilia dirishani, jua likapenya, herufi za penseli zikaonekana kinyume: Bukoba, ng'ambo ya ziwa hili hili.