Mche Ulioota Wenyewe Bustanini: Usiuchume Kabla Hujaona Ua

Wiki iliyopita mama mmoja wa Ipuli, hapa Tabora mjini, alituletea mche aliokuwa ameufunga kwenye gazeti lililoloweshwa. Ulikuwa umeota wenyewe katikati ya tuta la mchicha, una majani manne tu. "Mwanangu, huu si mnavu huu? Nilitaka niuchanganye na mchicha wa jioni." Nilimsihi asiupike. Kwa majani manne, hata sisi tuliosomea mimea hatuthubutu kuapa.

Sababu ni kwamba mnavu una ndugu wengi. Nyanya, nyanya chungu, biringanya, pilipili, viazi mviringo, ndulele, tumbaku na mranaha wote ni wa jamaa moja, na vikiwa vichanga baadhi yake hufanana sana. Katika jamaa hiyo hiyo mna kitoweo na mna sumu.

Ninaouhofia zaidi ni mranaha, ambao wengine huuita mnanaha. Huota kwenye samadi, jalalani, kando ya zizi, popote palipo na rutuba, kwa hiyo bustani ya mboga huupendeza mno. Ukikua, majani yake huwa mapana yenye kingo zilizochongoka ovyo, na ukiyafikicha hutoa harufu nzito ya kukera. Ua lake ni refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau, nalo hufunguka jua likizama. Tunda linalingana na yai dogo, limejaa miiba, na likikauka hupasuka pande nne na kumwaga mbegu nyingi nyeusi. Ua la mnavu ni dogo, lina umbo la nyota na kitovu cha njano, na matunda yake ni vijipunje laini vya mviringo vilivyoning'inia kwa vichala. Ua na tunda la mimea hii miwili havifanani hata kidogo. Majani machanga ndiyo yanayodanganya.

Sumu ya mranaha ni atropini na skopolamini, na imo katika mmea mzima, hasa mbegu. Kuchemsha hakuiondoi. Wala kuanika hakuiondoi, na hili nalisema kwa ajili ya akina mama wanaokausha nsansa, yaani mboga za majani za kuanikwa, kwa ajili ya kiangazi: jani moja baya likiingia kwenye mkeka, halitambuliki tena. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, watu 5 walifariki na karibu 300 waliugua baada ya kula unga wa uji uliochanganyika na mbegu za mranaha. Aliyekula hukaukwa kinywa, mboni za macho hupanuka, mwili huwa wa moto, moyo huenda mbio, kisha huanza kuweweseka. Watu hudhani karogwa. Mkimbizeni hospitali mara moja, na mchukue kipande cha mmea wenyewe ili daktari auone.

Sisi watu wa Tabora tuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni maotea ya tumbaku, yaani miche ya tumbaku inayoota yenyewe. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na vitalu vyake huwekwa mabondeni karibu na maji, kule kule tunakolima mboga kiangazi. Jani lake lina vinyweleo na hunata vidoleni. Likipikwa huleta kichefuchefu, jasho na kizunguzungu, kwa kuwa nikotini, sumu ya tumbaku, nayo haiishi kwa moto wa jiko.

Basi ukikuta mgeni bustanini, jiulize kwanza amefikaje. Je, ulimwaga samadi hapo? Ulileta udongo wa msituni? Ulitandaza nyasi zilizokwisha kutoa mbegu? Au juu pana waya ambao ndege hutua? Ndege wanapenda matunda ya mnavu na huacha mbegu wanapotua, kwa hiyo mche ulio chini ya mti una dalili njema kuliko ulio kwenye samadi. Hiyo ni dalili tu, haitoshi kukupeleka jikoni.

Uache mche mmoja ukue hadi utoe ua, uuwekee kijiti cha alama watoto wasiuguse. Kisha tupige picha ya mmea mzima, jani juu na chini, ua na tunda, tumwonyeshe afisa ugani wa kata au watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi. Programu za simu zinazotambua mimea zinasaidia kuanzia, lakini mche mchanga huzikosesha kama unavyotukosesha sisi.

Ikithibitika ni mranaha, ung'oe kabla tunda halijapasuka. Vaa mfuko wa plastiki mkononi na usijiguse jicho, maana utomvu wake hupanua mboni. Usiutupe kwenye mboji wala usiwape mbuzi. Ufukie shimo refu mbali na matuta. Na kama mmea ulikwisha kumwaga mbegu, endelea kupita hapo kila msimu wa mvua: mbegu za mranaha zilizofukiwa kwa majaribio huko Marekani ziliota baada ya miaka 39.