"Karibu" ya mlangoni kwa polisi wa Marekani

Sisi tumelelewa kwamba hodi hujibiwa kwa karibu. Unafungua mlango, unasogea pembeni, unamwonyesha mgeni kiti. Kwa Marekani, aliyepiga hodi akiwa askari, kule kusogea pembeni tu kunaweza kuhesabiwa kuwa umemruhusu kuingia. Ndiyo maana dhana inayoniuma kuliko zote ni hii: kwamba polisi akija, lazima umpishe.

Si lazima. Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayotumika tangu 1791, yanamlinda mtu, nyumba yake, karatasi zake na vitu vyake. Kwa kawaida askari anatakiwa aje na hati ya jaji inayotaja mahali pa kupekua na kinachotafutwa. Bila hati, huweza kuingia kukiwa na dharura, kwa mfano mtu anapiga mayowe ndani, au wewe mwenyewe ukikubali. Wengi hunasa hapo kwenye kukubali. "Naweza kuangalia ndani?" wanaisikia kama amri, kumbe ni ombi. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Schneckloth dhidi ya Bustamonte, 1973, askari halazimiki kukwambia kwamba unaweza kukataa. Kwa hiyo mzazi ambaye Kiingereza kinampiga chenga asiitikie "yes" kwa heshima tu. Aseme kwa utulivu kwamba hakubali upekuzi. Asimsukume askari wala kumzuia kwa mwili. Askari akiingia kwa nguvu, hoja hiyo ni ya mahakamani.

Dollree Mapp aliwakatalia polisi mlangoni kwake Cleveland, Ohio, mwaka 1957. Polisi walikuwa wanamtafuta mtu aliyehusishwa na mlipuko wa bomu. Mama huyo akampigia wakili wake, akawaambia bila hati hawaingii. Baada ya saa kadhaa wakarudi wengi zaidi, wakavunja mlango, na mmoja akapunga karatasi akidai ndiyo hati. Mapp akaipokonya, akaichomeka kifuani. Wakamkaba wakaichukua, wakamtia pingu, wakapekua hadi masanduku. Mtu wa bomu hakupatikana kwake. Alishtakiwa kwa vitabu na picha walizoziita chafu. Hati yenyewe haikuonekana mahakamani. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ilifuta hukumu yake, ikaamua kwamba mahakama za majimbo nazo zisipokee ushahidi uliopatikana kwa kuvunja Katiba.

Kutokana na kesi hiyo watu husema upekuzi ukiwa haramu, kesi imekufa. Hapana. Kinachotupwa ni ushahidi ule. Ukiwepo mwingine, kesi inaendelea. Na tangu 1984, askari akiwa ameiamini kwa nia njema hati yenye kasoro, ushahidi alioupata unaweza kupokelewa mahakamani.

Gari si nyumba. Tangu 1925 linaweza kupekuliwa bila hati, ila askari awe na sababu za msingi za kuamini lina kitu haramu. Taa mbovu haitoshi. Wala hawezi, kwa uamuzi wa 2015, kukuchelewesha barabarani ili asubiri mbwa wa kunusa, kama hana shaka yenye msingi.

Simu je? Wapo wanaoamini ukikamatwa, simu ni mali ya polisi. Mwaka 2014 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walikataa: simu wanaweza kuishika, lakini kuchakura yaliyomo kwa kawaida kunahitaji hati. Ila wakikuomba uifungue nawe ukawafungulia kwa hiari, huenda hati wasiihitaji tena.