Je, wajua? Ukoo wa Verdugo ulishinda kesi ya shamba, shamba likaenda hata hivyo

Miaka yote mtu akiniuliza ilikuwaje wale matajiri wa ng'ombe wa California ya Kimeksiko wakaishia bila ardhi, nilikuwa na jibu langu mfukoni: si Marekani ilishinda vita na Meksiko 1848, ikachukua mashamba, basi. Jibu fupi, lina hasira ya kutosha, na watu wanatikisa kichwa kukubali. Kumbe nilikuwa napotosha. Nilikuja kujua hivo niliposoma habari za rancho (shamba kubwa la mifugo) moja tu, San Rafael, ambayo leo ndo imekalia Glendale na kipande cha Burbank kule Los Angeles.

Kwanza historia kidogo, haraka haraka. Mwaka 1784, enzi za Hispania bado, koplo mmoja wa jeshi, José María Verdugo, alipewa na gavana Pedro Fages eneo la kulishia mifugo kati ya mto Los Angeles na kijito cha Arroyo Seco. Lilikuja kupimwa ekari 36,403, yaani karibu kilomita za mraba 147, kwa koplo! (Watongva, wenyeji wa asili waliokuwepo hapo kabla, hawakuulizwa kitu, tuliseme tu.) Meksiko ikajitawala 1821, Verdugo akaendelea na ng'ombe wake, alipofariki 1831 akawaachia mwanawe Julio na bintiye Catalina ambaye alikuwa kipofu. Na jina Verdugo kwa Kihispania maana yake mnyongaji, sijui nifanye nini na taarifa hiyo ila nimeshindwa kuiacha.

Sasa turudi kwenye kosa langu. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848, uliomaliza vita hivyo, haukusema Wameksiko wanyang'anywe mali, ulisema kinyume chake, mali zao zitaheshimiwa. Kilichokuja baadaye ni sheria ya 1851 iliyomtaka kila mwenye rancho apeleke madai yake mbele ya tume ya watu watatu ndani ya miaka miwili, usipopeleka ardhi inahesabika ya serikali. Yaani mwenye shamba ndo athibitishe kwamba shamba ni lake. Athibitishe na nini sasa? Ushahidi wenyewe mara nyingi ulikuwa ramani ya kuchora kwa mkono, kilima hapa, mto pale, mti mkubwa kule, na vipimo vilivyopatikana kwa wapanda farasi wawili kuburuta kamba. Ukiwa na majirani wanaokujua tangu babu yako, mti unatosha kuwa mpaka. Ukiwa na wakili wa upande wa pili anayeuliza "mti upi?", hautoshi.

Hapo ndo nilidhani sawa, basi walishindwa kesi. La! Madai 813 yalipelekwa, 604 yakakubaliwa. Wengi walishinda! Akina Verdugo nao walipeleka madai 1852 na tume ikawakubalia 1855. Wapo waliokataliwa, wapo waliovamiwa na watu wakajenga kabisa kesi ikiwa bado inaendelea, kwa hiyo sisemi hakukuwa na dhuluma, nasema tu mlango ulioitoa San Rafael haukuwa huo.

Mlango ulikuwa riba.

Elewa hali yao: utajiri wote uko kwenye ardhi na kwato, pesa taslimu hamna. Kesi kutoka mwanzo mpaka hati ya mwisho ilichukua kwa wastani miaka 17, mawakili wanataka hela, kodi ya ardhi inataka hela, na bei ya ng'ombe iliyopaa wakati watu wanakimbilia dhahabu California ilikuwa imeshashuka. Tarehe 1 Januari 1861 Julio akakopa dola 3,445.37, akaweka ardhi rehani, inasemekana ni kwa ajili ya kukarabati nyumba, kununua mahitaji na kulipa kodi. Riba asilimia 3. Kwa mwezi.

Asilimia 3 inasikika kama chenji, na ndo ubaya wake. Mwezi wa kwanza ni kama dola 103. Kama riba ingekuwa inahesabiwa kwenye deni la mwanzo tu, miaka minane baadaye angedaiwa kama dola 13,400, mzigo lakini unabebeka. Ila hii ilikuwa riba inayozaa riba. Fikiria umeazima ng'ombe jike na mkakubaliana kila ndama atakayezaliwa ni wa mwenye ng'ombe, sawa, lakini wewe humrudishii ndama, anabaki zizini kwako, anakua, anazaa, na huyo mjukuu naye unadaiwa, na kitukuu pia. Hujaazima ng'ombe wa pili hata mmoja ila deni limeshakuwa kundi. Kwa 3% kwa mwezi deni linajizidisha mara mbili karibu kila miaka miwili: 3,445 inakuwa kama 7,000, halafu 14,200, halafu 28,900, halafu 58,800. Angalia hapo mwisho, miaka miwili ya mwisho peke yake imeongeza karibu dola 30,000, zaidi ya miaka sita yote ya kabla. Kwa hiyo mtu anayesema "nitalipa mwakani ng'ombe wakinenepa" anakimbizana na kitu kinachoongeza mwendo. Na ng'ombe wenyewe hawakunenepa, mafuriko ya 1861-62 yakafuatiwa na ukame mpaka 1864 uliomaliza mifugo mingi sana kusini mwa California.

Nilipiga hesabu mwenyewe kwa simu halafu nikalinganisha na kilichoandikwa. Deni mwaka 1869 lilikuwa dola 58,750. Nimekosea chini ya dola mia tu, nikabaki nimeduwaa kidogo.

Ardhi ikapigwa mnada, mnunuzi akiwa wakili Alfred B. Chapman. 1871 mahakama ikaigawa rancho yote, kwa sababu kufikia hapo vipande vilikuwa vimeuzwa, vimerehaniwa na kubadilishana mikono mpaka hakuna aliyejua nani ana nini, vikatoka viwanja 31 kwa watu 28. Mmoja wao alikuwa daktari wa meno anaitwa David Burbank, ndo huyo mji una jina lake.

Catalina alifariki mwaka huohuo 1871, Julio akafuata 1876. Na ile hati rasmi ya serikali ya Marekani, waliyoianzishia kesi 1852, ilitoka 1882. Iliandikwa kwa jina la Julio na Catalina Verdugo.