Je, wajua mtu hujiteteaje akishtakiwa kwa ubakaji wa miaka 20 iliyopita?

Desemba mji wa Moshi hujaa watu. Magari kutoka Dar es Salaam yanapanda Marangu, Kibosho na Machame, mbuzi wanachinjwa, ukoo unakaa kikao. Hapo ndipo pengine binti wa miaka 30 na kitu hulitoa lile alilolimeza tangu akiwa darasa la nne: fulani alinibaka. Mzee mmoja hutaka yamalizwe nyumbani. Mwingine huuliza: hivi jambo la zamani hivyo bado lina kesi?

Lina. Mitaani tunasema jinai haiozi, na kwa hili mitaa iko sahihi. Sheria ya ukomo wa muda, ile inayowabana wadai wa mashamba na madeni, haigusi mashauri ya jinai. Mbuzi na mbege (pombe ya ndizi) za upatanisho nazo hazimfungi mikono mwendesha mashtaka.

Sasa huyo fulani afanyeje? Kisheria hana mzigo wa kuonyesha kwamba hakutenda. Mzigo ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, nayo ithibitishe pasipo kuacha shaka ya msingi. Ila asijipe moyo kwamba pasipo PF3, ile fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, hakuna kesi. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Katika rufaa ya Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa.

Kwa hiyo kazi ya wakili wa utetezi iko kwenye maneno hayohayo, kwa maswali ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa upande wa pili. Ilikuwa nyumba ipi? Chumba kile alilala nani mwingine? Likizo ya mwezi gani? Swali linalopendwa zaidi ni "mbona hukusema siku zote?", na lina mizizi: katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita, Mahakama ya Rufani ilisema shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika zaidi, na kuchelewa bila maelezo kunapaswa kuifanya mahakama ijiulize. Shika hayo maneno mawili, "bila maelezo". Mtoto aliyetishwa, au aliyekula na kulala kwa huyohuyo anayemtuhumu, maelezo anayo. Wakili asiye na swali jingine zaidi ya hilo, kwa maoni yangu, ameingia mahakamani na panga butu.

Panga kali ni karatasi. Hati ya mashtaka ikisema Juni 2004 nyumbani Machame, na mshtakiwa mwezi huo alikuwa bweni au kazini Arusha, basi atafute daftari la mahudhurio, mkataba wa ajira, watu waliokaa naye. Utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio hauibuliwi ghafla: taarifa hutolewa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au angalau maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Akikaidi, mahakama inaweza kutoupa uzito wowote. Na tarehe ikipishana kidogo, hilo peke yake si lazima liangushe kesi.

Umri nao ni uwanja mzima. Kwa sheria ya 1998, ridhaa ya binti wa chini ya miaka 18 haihesabiki, hivyo cheti cha kuzaliwa, na huku kwetu cha ubatizo, hubishaniwa kuliko unavyodhani. Mama akiwa hai, naye huitwa kusema mwanawe alizaliwa lini.

Kosa moja huwaponza wengi kabla hata ya kufika polisi: kumfuata mlalamikaji ili kumtisha au kumhonga anyamaze. Hapo hata asiye na hatia amejitengenezea kosa jipya, tena la juzi.

Adhabu nayo hufuata kalenda. Kima cha chini cha miaka 30 jela kililetwa na sheria hiyo ya 1998. Katiba, ibara ya 13, inakataza kumpa mtu adhabu kubwa kuliko iliyokuwapo alipotenda kosa. Tukio la 1995 basi hupimwa kwa sheria ya 1995.