Baada ya cheti, kijana apewe mzani

Maonyesho ya sayansi ya shule yanapendeza. Kijana anasimama nyuma ya meza, anaeleza kifaa chake, wageni wanapiga picha, jioni anarudi nyumbani na cheti. Miezi sita baadaye kifaa kiko stoo. Nafundisha nishati mbadala katika chuo cha ufundi hapa Busia, upande wa Uganda, na hilo ndilo linaloniuma: tunawashangilia vijana siku moja, kisha tunawaacha pale pale ambapo kazi ya sayansi inaanza.

Chukua mkaa mbadala, yaani mkaa wa taka badala ya miti, ambao vijana wengi hunijia nao. Shida wanayoishughulikia ni kubwa. Mei 2023 Rais Museveni alitoa agizo la kupiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi, ambako hata miti ya shea, ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta, ilikuwa inakatwa na kuchomwa. Lakini sigiri za mjini, majiko ya mkaa, hazikuzimika. Tanuru la udongo la kienyeji, kwa kilo 100 za kuni, mara nyingi hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Wakati huohuo miji yetu inalemewa na taka zinazooza, maganda ya matoke yakiwa mengi kupita kiasi. Agosti 2024 jalala la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, liliporomoka na kuua makumi ya watu. Kijana anayegeuza maganda kuwa mkaa anagusa misiba miwili kwa mkupuo.

Utengenezaji wenyewe hauhitaji mashine ya bei. Maganda yanakaushwa mpaka yavunjike mkononi, yanajazwa kwenye pipa lenye matundu chini, yanawashwa. Mwanzoni moshi ni mweupe na mzito, maji na lami vikitoka. Ukianza kuwa mwembamba wenye ubluu, unafunika pipa na kuziba matundu kwa tope. Hapo subira ndiyo kila kitu, maana ukifungua pipa likiwa bado la moto, hewa inaingia na unakuta majivu. Kilichobaki kinasagwa, kinachanganywa na uji wa muhogo, kinashindiliwa kuwa vibonge na kuanikwa juani.

Wengi huishia hapo, wakasema wamevumbua. Mimi nawapa mzani, saa na sufuria. Pima sigiri na mkaa kabla ya kuwasha. Chemsha lita mbili za maji, andika dakika, pima tena. Fanya vivyo hivyo kwa mkaa wa miti, sufuria ileile, mahali palepale. Angusha kibonge sakafuni kutoka usawa wa kiuno uone kama kitavumilia safari ya boda boda.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alipeleka vibonge vyake kwa mama anayeuza maharage sokoni. Mama akavitumia asubuhi nzima, kisha akamwambia: "Mwanangu, unawaka vizuri, lakini majivu yanaziba sigiri, na maharage yangu yanataka saa tatu." Kijana akajibu, "Nimesikia, mama. Nitarudi." Maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi, ndiyo maana majivu yake ni mengi. Akaanza kuchanganya na chenga za mkaa zinazobaki chini ya magunia ya wauzaji, akapunguza udongo aliokuwa akiutia kwenye vibonge, akapima upya. Kwangu mimi uvumbuzi wake ulianza siku aliyorudi kwa yule mama.

Kuna jambo ambalo simruhusu kijana yeyote alitangaze: kwamba mkaa wake ni salama kwa kuwa hautoi moshi. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaua watu waliolala na sigiri ndani ya chumba kilichofungwa.

Ustahimilivu ninaousema tunao mifano yake nchini. Gari la umeme la Kiira EV, kazi ya wanafunzi na walimu wa Makerere, lilionyeshwa 2011. Halikuachwa: 2016 likafuatwa na basi la Kayoola linalotumia nishati ya jua, na leo kuna kiwanda Jinja, kwa sababu serikali iliendelea kutoa fedha baada ya picha kupigwa. AirQo nao, pale pale Makerere, walitengeneza vipima hewa vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi, joto na umeme unaokatika, wakavifunga hata kwenye boda boda. Sasa vinatumika katika miji mingine ya Afrika.

Shuleni mlango uko wazi tayari. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 unatoa asilimia 20 ya alama za mwisho kwa kazi za darasani na miradi. Kasoro ni kwamba shule nyingi zinabadilisha mradi kila muhula, hivyo mtoto anaanza mitatu na hamalizi hata mmoja. Ningekuwa mwalimu mkuu, ningemruhusu mwanafunzi abaki na mradi uleule tangu kidato cha tatu hadi cha nne, na ningemtaka daftari la vipimo kabla ya bango la maonyesho. Wadhamini nao wagawe zawadi: nusu siku ya maonyesho, nusu baada ya mwaka, kijana akileta daftari hilo pamoja na mtu mmoja sokoni anayetumia alichokitengeneza.